Firigisi Iliyokungoja

Kaka Shimenga,

Sisi hapa Iguhu tu wazima, na mahindi yametoa ndevu.

Ushauri wako nimeusoma. Kwamba niache kunywa chai na wenzangu wa kazini ndipo niweke akiba, na kwamba nikipata likizo nisafiri nipumzishe akili. Hao wenzangu wa chai ndio waliombeba Baba kutoka hospitali siku ile tuliyokuita nyumbani. Wewe ulisema mkubwa wako wa kazi amekunyima ruhusa, kumbe uko Diani na watu wa ofisi mnacheka ufuoni, na picha mkaziweka mtandaoni. Baba mwenyewe aliziona hizo picha, maana aliomba simu yangu akupigie.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameagiza tukuchinjie jogoo. Firigisi, ambayo unajua kwetu ni ya mwenye nyumba na mwanamke haigusi, aliiweka kwenye sahani yako akaifunika. Jioni akaifunua, akanisogezea.

"Mmbone, kula wewe. Mwenye nyumba ni mwenye yuko."

Nilikula, kaka. Ilikuwa imepoa, nikaitafuna yote mbele yake. Basi usinishauri tena. Na siku ukija, utaketi pale nitakapokuonyesha.

Dada yako,
Mmbone