Betri Nne za Sauti Yako

Mbwera, Rufiji.
16 Agosti 1994

Mpendwa kaka Fikirini,

Shikamoo. U hali gani huko Mwanza? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mguu wa Mama umepona. Mdomo haukuumwa hata siku moja.

Barua yako tulimsomea mara tatu. Hakuamini kuwa u hai. Miaka saba kimya, kaka! Alisema karatasi anaweza kuandika yeyote, akaendelea kupanga kukusomea hitma. Ndiyo maana uliposema Jumapili saa kumi alasiri utatoa salamu redioni kwa sauti yako, niliapa lazima aisikie.

Redio ya Mjomba Mwinjuma inatumia betri nne, na zote zilikuwa taabani. Maduka ya Kibiti siku hizi yamejaa betri za kila namna, lakini boti ya bidhaa haikufika huku. Nikazianika juani tangu asubuhi. Tatu zikapata nguvu kidogo. Ya nne ilishavuja, nikaazima ya tochi ya Marsela, mwalimu wetu wa shuleni.

Mjomba akataka kuzipanga mwenyewe. Vichwa vyote upande mmoja, zimenyooka kama safu ya swala! Redio kimya. Akaipiga kofi. Kimya. Zimebaki dakika tano.

Nikamnyang'anya, adabu kando. Umeme unataka njia isiyokatika: unatoka kwenye chanya, unazunguka, unarudi kwenye hasi, kichwa cha betri hii kwa tako la ile. Kisanduku kile kina safu mbili. Alivyopanga Mjomba, betri mbili zilisukuma huku na mbili zikasukuma kule, umeme hauendi popote. Nikageuza mbili, nikakwangua kutu kwenye springi kwa kisu. Ikakoroma, ikasema!

Ukatoa shikamoo. Mama akaruka kutoka mkekani, "Marahaba, mwanangu! Marahaba, Fikirini!" Akaijibu redio mpaka maneno yako mengine hatukuyasikia. Nililia, kaka. Mjomba alijifanya ana vumbi machoni.

Mjomba na Mwalimu Marsela wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akupe afya na akufungulie njia ya kurudi.

Hitma haipo tena. Jana Mama aliupika mchele aliouweka kwa ajili ya hitma hiyo, kwa kamba wa nazi, akaita majirani. Akakupakulia wewe kwanza, akakataza mtu asiiguse sahani ile.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Mwanawetu