Damu Mdomoni mwa Bibi Harusi

Shikamoo Baba,

Barua hii nimeiahirisha tangu tulipokuzika, maana nilijua nitaianza kwa uongo. Nilitaka nikwambie nguruwe wako wa Kibamba wanaendelea vizuri. Hawaendelei vizuri, Baba. Wengine nimewaua mwenyewe, kwa shoka.

Ulipoondoka, mwenye baa mmoja wa Sinza alitaka nguruwe kila wiki. Nikaona neema imeingia. Banda lako la nguruwe wanane nikalijaza ishirini na wawili. Uwanja wao wa kufukua nikaumwagia zege na kuuzungushia nondo. Na ile migomba ya kutafuna uliyokuwa ukiwaletea begani kutoka Mabibo, sisi tukikucheka, nikaikomesha. Niliona uchafu tu. Ulikuwa ukisema, "Nguruwe ukimnyima kazi ya mdomo, atajitafutia." Nikadhani ni maneno ya mwalimu mstaafu.

Mwezi wa pili baada ya hapo wakaanza kung'atana mikia. Mmoja alitoka damu, wenzake waliponusa wakamvamia wote. Alilia mpaka majirani wakatoka nje. Hakuwa na pa kukimbilia, wakamla nyuma akiwa hai. Nikamtafuta mwenye damu mdomoni, nikampasua kichwa, nikasema basi, mchawi nimempata. Kesho yake akaanza mwingine. Huyo naye nikampiga. Keshokutwa yake, wa tatu. Hasira zilinipanda, Baba, zile ulizosema nimezirithi kwa bibi. Nikawa naingia bandani na shoka kabla hata ya kunywa chai.

Jumamosi nikamkuta Bibi Harusi, yule jike mzee uliyempa jina kwa kula kwake kwa maringo. Mdomo wote damu. Aliniangalia, hakurudi nyuma hata hatua. Alizoea kukunwa na watu wa nyumba hii. Nilimpiga mara nne. Pigo la kwanza halikumuua.

Mume wangu ndiye aliyemfungua kinywa. Meno yalikuwa yamekatika, ufizi umechanika, ulimi umejaa kutu. Akaniambia taratibu, "Mama Neema, huyu hajang'ata mwenzie. Alikuwa anatafuna nondo."

Nilikaa pale kwenye zege nikalia kilio ambacho wewe sikukulilia siku ya mazishi. Nisamehe na hilo pia.

Mtu wa Sinza nimemwambia atafute kwingine. Nguruwe nimewapunguza, wamebaki tisa, na zege nalivunja mwenyewe kwa nyundo. Mikono imechubuka, sitaki kusaidiwa. Wakinisikia tu naingia, wanarundikana kwenye kona na kukanyagana.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitaingia kila siku mikono mitupu, nikae chini kati yao nisiseme kitu, hadi mmoja anisogelee kwa hiari yake. Hata ichukue miaka.

Leo nimekaa tangu mchana mpaka jua kuzama. Hajasogea hata mmoja.

Binti yako,
Tumaini