Kosa lililorudi kila nikilirekebisha

Mwenzangu, nimeaibika leo hata sijui nianzie wapi.

Ile programu ninayoiandikia zahanati, yenye lile kosa la kuchukua uzito wa mtoto na kuuweka kwenye sehemu ya umri? Nimeirekebisha mara tatu. Mara tatu! Nikiifungua, kosa liko palepale.

Nikajua ni Miwani tu, yule mwandishi mwenzangu wa programu ninayekaa naye meza moja. Kila nikitoka, narudi namkuta anachungulia kompyuta yangu.

Leo nikalipuka mbele ya daktari wa zahanati: "Huyu ananiharibia kazi makusudi! Mtoto akizidishiwa dawa, nani atajibu?"

Miwani hakubisha. Akauliza tu, "Huwa unaifungulia wapi?"

Nikamwonyesha ile alama kwenye skrini.

"Hiyo ni nakala ya mwezi uliopita," akasema. "Unarekebisha msimbo, yale maandishi ya programu, halafu huiundi programu yenyewe upya. Unafungua ileile ya zamani."

Akaiunda upya. Uzito ukakaa mahali pake. Daktari ananitazama tu, mimi natamani ardhi ipasuke.

Nikaomba radhi. Lakini nikamuuliza, sasa kompyuta yangu ulikuwa unachungulia nini?

Akainama. "Programu yangu nayo ilinifanyia hivyohivyo wiki nzima, nikawa natafuta ushahidi. Mpaka jana nilikuwa na hakika ni wewe."