Chupa Kumi na Moja za Delmar

Barabara ya Kaunti K,
Tilden Ridge, Wisconsin.
12 Februari 1996

Mpendwa binamu Lavonne,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, mumeo na binti yenu Kirsten, na kwamba mvua ya huko Juneau imewapa walau siku moja ya kuanika nguo. Sisi huku hatujambo. Baridi ya wiki iliyopita ilipasua bomba la ghalani, na goti langu hulalamika kila nikishuka ngazi, lakini kwa mtu aliyesimama miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha jibini, si haba.

Dada yangu Marlys anakusalimu. Hajabadilika: kila Jumapili analeta bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga, na bado anamtania mumewe mbele za watu. Mchungaji Hedlund amestaafu, na sasa anacheza nasi. Alituhubiria amri ya saba, usiibe, miaka ishirini. Kwenye mchezo shujaa wake ni mwizi wa mifukoni.

Ndiyo, mchezo bado upo. Baada ya ibada tunashuka chumba cha chini, meza ile ile, mimi msimulizi, wao mashujaa wanaoingia mapangoni. Wakiua zimwi au wakifungua sanduku, ninarusha dadu mbili za pande kumi nyuma ya kadi ngumu wasizione, moja ya makumi na moja ya mamoja, ninapata namba kati ya moja na mia, kisha ninapitisha kidole kwenye jedwali la hazina na kuwasomea walichopata. Utaratibu unaujua.

Ubaya wa dadu ni kwamba hazijui nani ameshiba. Mwezi wa Novemba zilitoa tisini na tisa kwa Marlys, ambaye shujaa wake ni mchawi aliyeanza juzi tu: pete ya matakwa matatu. Takwa la kwanza alilitumia kwa joka nililokuwa nikiliandaa tangu mavuno. Alisema sentensi moja, joka likawa chura. Mumewe Delmar, anayecheza na shujaa yule yule kwa miaka kumi na tano, alibaki na upanga mkononi na hana wa kumpiga. Yeye siku hiyo dadu zilimpa chupa ya dawa ya majeraha. Ilikuwa ya kumi.

"Mke wangu ana pete, mimi nina duka la dawa," alisema.

"Usijali, baba," Marlys akamjibu. "Takwa la pili nitakuombea nywele."

Tulicheka. Delmar hakucheka.

Nilikaa na kalamu mwezi mzima. Nililigawa jedwali sehemu tatu, ili shujaa mchanga asiokote vitu vya wakubwa. Fimbo za uchawi nilizipa idadi ya kutumika. Ikiisha, ni kuni. Tena hakuna kuvaa zaidi ya vitu vitatu vyenye nguvu kwa pamoja. Kwenye karatasi mizani ilikaa sawa, na nakiri nilivimba kichwa kidogo. Halafu Januari, kwa jedwali hilo hilo jipya, Delmar akapata chupa ya kumi na moja.

Alipokuwa akivaa buti zake pale ngazini aliniambia kwamba Jumapili atakuwa anakwenda kuvua samaki kwenye barafu. "Samaki nao wananikwepa, shemeji," alisema, "ila wao hawaendi kwa mke wangu."

Niliogopa, Lavonne. Tangu aache kuendesha lori la maziwa, Marlys anasema kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi maneno yake hayajazi kikombe. Huongea mezani kwetu tu. Akiondoka pale, hana pengine.

Kwa hiyo nilimbembeleza aje mara moja tu. Walifungua sanduku, nikarusha dadu kwa ajili yake, zikaonyesha kumi na mbili. Chupa tena. Mimi nikasema, "Ngao ya fedha. Joka likikutemea moto, moto unalirudia lenyewe."

Marlys alipiga makofi. Delmar akanitazama.

"Hukupitisha kidole," alisema.

"Nini?"

"Miaka kumi na tano nakisikia kidole chako kikikwaruza ile karatasi, shemeji. Leo kimya."

Mchungaji Hedlund aliinamia kahawa yake. "Njia ya mwongo fupi," alisema, bila kuniangalia.

Sikukana. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Delmar alisema kama angetaka sadaka angekwenda kwa Mchungaji. Yeye alitaka kupata kwa bahati yake, hata ikiwa mbaya. Kisha akaniuliza, "Umeshamfanyia nani mwingine?"

Nilitamani kudanganya mara ya pili. Nikasema: Lavonne, mara moja, Juni ya 1984.

Unaijua siku hiyo. Harusi yako ilikuwa imevunjika wiki mbili nyuma, na ulikaa mezani kwetu hugusi sahani. Dadu zilionyesha saba, ambayo ni mishumaa. Nilisoma mkuki wa radi. Ulisimama, ukasema, "Kumbe kuna kitu kimenichagua," ukalia, ukala sahani mbili. Uliniandikia Krismasi kwamba mchoro wa mkuki ule bado uko ukutani kwako, na kwamba umemwambia binti yako bahati huja.

Hakuna kilichokuchagua siku ile ila mimi. Mkuki siujutii. Ninachojutia ni miaka kumi na miwili ya kukuacha uzishukuru dadu. Nisamehe.

Delmar alitoa masharti mawili ya kurudi. Kwanza, kadi ngumu iondoke, kila mtu arushe dadu zake waziwazi. Chupa ya kumi na mbili ataipokea, anasema, mradi iwe yake kweli. La pili ni hili ninalolifanya, kukueleza kwa mkono wangu mwenyewe. Amekuja asubuhi hii kuhakikisha, na ameketi hapa jikoni na koti lake mwilini.

Nisalimie mumeo, na Kirsten umbusu kwa niaba yangu. Marlys na Mchungaji wanakuombea. Mungu akulinde na kukupa amani, hata kama baada ya barua hii hutaki kuniandikia kwa muda.

Nduguyo akupendaye siku zote,
Orrin

Delmar amesoma yote na kuomba kalamu. Yanayofuata ni yake:

Lavonne, mimi nilijua siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umeanza kula. Usiushushe mkuki. Jumapili nitakwenda kucheza.