Wamemchagua Wifi Yangu Aniigize

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi watu wanakuja dukani kwangu na kamera, na mpaka naandika hapa sijaamua watakuta mlango wazi au kufuli.

Mimi ni mwanamke wa makamo, nina duka la mapazia nililolianza na cherehani moja ya kuazima na leo ninazo nne zangu mwenyewe, sikubebwa na mtu, nilijifunza kukata kwa kuharibu vitambaa vyangu, na dirisha nikilitazama kutoka ng'ambo ya barabara nakutajia upana wake, nikikosea nimekosea kwa vidole viwili. Ninaishi na binti wa kaka yangu, nipo naye tangu akiwa darasa la tano kwa sababu nyumba yangu ilikuwa karibu na shule na ya kaka yangu ilikuwa karibu na kila kitu isipokuwa shule, na sasa yuko chuoni anasomea kutengeneza filamu, na huyo ndiye aliyenishikisha kalamu.

Mwezi uliopita aliniomba yeye na wenzake wawili wakae kwenye chumba cha nyuma cha duka wakune vichwa kuhusu filamu yao ya kumalizia masomo. Mmoja ni kijana asiyevua kofia hata akiwa ndani, namwita Kofia, na mwingine ni msichana anayebeba kamera kama mtoto mchanga, huyo ni Kamera. Mwalimu wao amewaambia kwamba mtazamaji humpa mtu dakika moja tu, usipomkamata hapo amekwenda, kwa hiyo walikuwa wanatafuta mwanzo. Mimi nilikuwa nyuma ya mapazia ya maonyesho nikipanga pete za kutundikia, si kwamba nilikuwa nasikiliza, lakini masikio hayana kifuniko.

Kofia akasema, tuanze na mtu anakimbia. Nikamuuliza kupitia pazia, "Anakimbia kwenda wapi?"

"Hatujui bado, Shangazi. Ndiyo siri yenyewe."

"Kama ninyi hamjui, yeye anajua? Na dakika nzima akikimbia kweli atakuwa ameshafika sokoni. Kamera itamfuata na nini, na hiyo miguu yake mitatu?"

Kamera akasema basi, tuanze na saa ya kengele, mkono unatoka kwenye shuka unaizima. Binti yangu akasema vikundi viko vinane na vitano tayari vinaanza na mtu anaamka, nikasema hilo si darasa, ni bweni. Kofia akaleta msiba, waombolezaji arobaini, mvua, jeneza, nikamwambia viti ninavyo sita na mvua sina. Basi nikasikia kalamu zinagongwa mezani, halafu binti yangu akasema polepole, "Tuanzie kumi."

Hapo inabidi nikueleze jambo la kazini kwangu. Futi yangu ya kupimia imekatika mwanzo, sentimita kumi za kwanza hazipo, mkasi ulizila miaka mingi iliyopita, na sijainunulia mwenzake makusudi, kwa sababu mimi naanzia kumi na kutoa kumi kichwani bila kufikiri, ila akija jirani mwenye mazoea ya kuazima vifaa vya watu anaondoka nayo leo, kesho anairudisha mwenyewe akiwa na adabu. Na nina tabia nyingine, nikiwa kazini naweka pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hakuna anayebishana naye, unamwitikia mteja "mm" na mambo yanakwenda.

Binti yangu akawaambia, "Mwanamke anaingia kwenye nyumba ya watu asiowajua kupima dirisha. Anavuta futi, inaanzia kumi. Ana pini mdomoni. Wenye nyumba wanaendelea kugombana mbele yake kama vile yeye ni stuli. Akimaliza kupima anajua siri zao zote, na hajasema hata neno." Nikasikia wenzake wakisogeza viti karibu, kama watu walioona chakula. Mshauri, nilitakiwa nikasirike, kwamba nimelea mtoto kumbe naye alikuwa ananipima, na kidogo nilikasirika, lakini kusema kweli kichwa kilinivimba kimya kimya nyuma ya pazia. Wiki ile nikasuka nywele. Karatasi ya maneno atakayosema huyo mwanamke akirudi dukani ilikuwa imeachwa mezani na nikayasema mara kadhaa mbele ya kioo, si kwamba nilitaka kuigiza, mimi nina kazi zangu, nilitaka kuona tu kama yanasemeka.

Sasa sikia. Siku moja tukiwa tunakula nikamuuliza, "Na huyo mwanamke wenu mmempata?"

"Tumempata, Shangazi. Mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu."

Yaani wifi yangu. Mshauri, sina ugomvi na wifi yangu, ni mwanamke mzuri, ana sauti, ana meno, anacheka mpaka watu wanacheka kabla hawajajua sababu, lakini sindano hajawahi kushika, mapazia ya sebuleni kwake nilimshonea mimi na akayatundika ndani nje, nikakaa kwake mchana kutwa nikitazama mishono yangu kama mtu aliyevuliwa nguo. Huyo ndiye atakayekuwa mimi. Kwenye duka langu. Kwa futi yangu.

Jumapili iliyopita wakaja kufanya mazoezi, na katika hadithi yao huyo mwanamke akirudi dukani anakata pazia la mita mbili na ishirini, wakataka likatwe kweli, nikatoa kitambaa changu kizuri. Wifi akashika futi, akaigeuza, akaniuliza, "Wifi, hapa naanzia wapi?" Nikamjibu, "Anzia pale inapoanzia, wifi yangu." Sikusema uongo. Akaanzia hapo, akakata mpaka mia mbili na ishirini iliyoandikwa, pazia likatoka na mia mbili na kumi, wakalitundika likaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto anayekua. Mimi nikakunja mikono nikisubiri binti yangu aseme, Mama, umeharibu, muite Shangazi.

Badala yake Kamera akalala chini kifudifudi na chombo chake, akasema, "Subirini. Mtu asimame nyuma yake." Wifi akasimama nyuma ya pazia, ikaonekana miguu tu. Chumba kitupu, pazia, na miguu ya mtu anayesikiliza. Kofia akavua kofia, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Binti yangu akasema, "Huu ndio mwanzo wetu. Ya dirisha itafuata." Na wifi, mshauri, wifi akasema, "Mimi nilikata tu nilivyojisikia," wakamwambia ana kipaji. Halafu wakaazima ndala zangu za dukani ili azivae yeye, eti zina uzee wa kweli.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Duka langu, futi yangu, pini zangu, ndala zangu, na hata hilo kosa ni langu kwa sababu bila mimi kunyamaza lisingetokea, lakini sifa zote kwa wifi. Nimefikiria kumleta fundi wa rangi siku hiyo hiyo ya Jumamosi, kuta zangu kweli zinahitaji rangi. Au nimwambie binti yangu ukweli, kwamba nilimwacha wifi akosee makusudi, ili ajue wazo lile lilikuwa la nani? Naomba unieleze kipi ni haki yangu, kwa sababu mimi kupima najua, lakini hili nikilipima halikai sawa.

Ni mimi,
Mwenye Duka

*

Dada yangu Mwenye Duka,

Nimecheka, nisamehe, kisha nikaacha kucheka. Tuanze na aibu ili tuimalize: ulimtegea wifi yako mtego, mtego ukaota maua, na sasa unataka kupongezwa kama mkulima. Wazo halikuwa lako. Lako lilikuwa fitina. Wazo ni la yule msichana aliyelala sakafuni akaona miguu pale ambapo wewe uliona pazia bovu.

Sasa pole, na pole hii ni ya kweli. Umemlea mtoto, na siku alipotaka mtu wa kusimama mahali pako alimchukua aliyemzaa. Hilo linauma, na ulilizungushia maneno mengi ya futi na ndala ili usilitaje. Umeandika kurasa nzima, dada, na mahali popote hujasema kwamba ulimuuliza binti yako kwa nini. Ulimuuliza "Mama nani?" basi, ukaenda kununa.

Mimi sikumuuliza pia, lakini nimesoma barua yako, na mwenye kusoma hahitaji kuambiwa. Mtu anakimbia, ukamsimamisha. Kengele ikalia, ukaizima. Msiba ukaukosesha viti. Haya, mtoto huyo siku ya kazi angekuambia nini? Mwongozaji wa filamu ana neno moja analolitumia kuliko mengine yote, nalo ni "rudia." Mama yake anaweza kumwambia, "Mama, rudia," akacheka akarudia. Wewe nani akuambie urudie, na pini hizo mdomoni? Angekuambia urudie, ungemwambia kamera imekaa vibaya. Na huenda ungekuwa sahihi, ndiyo tabu yenyewe.

Hakukuacha kwa sababu hakuoni. Anakujua mpaka namna unavyovuta pumzi. Amekuacha kwa sababu bado anakuogopa, na filamu haitengenezwi na mtu anayeogopa. Hofu hiyo umeipanda wewe, kwa mapenzi, najua, lakini umeipanda.

Kwa hiyo fundi wa rangi mwambie asije. Kuta zako zimevumilia mpaka leo, zitavumilia Jumamosi.

Leo hii, kabla hujala, mwambie binti yako ukweli kuhusu lile pazia. Si kwa ajili ya sifa, ondoa hilo kichwani. Ni kwa sababu ya kazi: siku ya kurekodi pazia likichafuka au likichanika watahitaji jingine lenye upungufu ule ule, na yeye anadhani mama yake alikata tu alivyojisikia. Mkatie mawili ya akiba, sawasawa na lile, kwa mkono wako. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize, na wewe usimjibu kwa hesabu.

Halafu mwite wifi yako mkae wawili. Mwonyeshe namna ya kushika pini kwa midomo bila kuzimeza, maana huyo mwanamke anayecheka kabla ya sababu anaweza kutufia mbele ya kamera. Mwombe radhi kwa maneno machache. Akicheka, cheka naye.

Jumamosi fungua duka mapema, wape funguo, na uondoke. Usijifiche nyuma ya pazia lolote, wameshajua kutazama chini. Nenda kwa rafiki, nenda kalale. Kama moyo unakataa kabisa, basi siku moja kabla muulize binti yako, "Mwanangu, una kazi ya kunipa?" Uliza mara moja, na akikupa kazi ya kuwapikia chai, pika chai na usimwambie maji yanapaswa kuwa kiasi gani.

Na siku ya onyesho nenda, na nywele zako nzuri, ukae kiti cha nyuma. Miguu ile ikitokea, ukumbi ukanyamaza, usimguse mtu wa karibu kumwambia ndala zile ni zako. Wifi yako atapigiwa makofi, na wewe piga, tena kwa nguvu. Kesho yake, mtu aliyetamani yale mapazia atakuwa anaulizia njia ya dukani, na hakuna atakayeulizia nyumbani kwa wifi yako.