Siku Niliyojifanya Mteja

Shangazi Mishi,

Mimi jua halijapata kunidhuru hata siku moja. Wewe wajua, mimi najua, na hakuna wa tatu. Kile kizunguzungu ulichomwambia Mama hakikuwapo. Ulikitunga kunisitiri, nami nikanyamaza. Nimenyamaza mwaka mzima.

Ilianza Jomvu Kuu, kwenye lile tamasha la ngoma na vyakula. Joto la kufanya nguo ikugande mgongoni. Tulikuwa tumezoea: wewe na deli lako la maji ya ukwaju, mimi na beseni la maembe mabichi. Jumamosi hii maulidi, ijayo maonyesho ya shule, siku za Idd uwanjani penye pembea. Watu waliifuata sherehe, sisi tukiwafuata watu. Kazi yangu ilikuwa kumenya na kukata, nimeinama, maana nikitazamwa na mtu nisiyemjua ulimi hunikauka. Hukunilazimisha kuita wateja. Ulisema, "Mdomo ninao mimi, mikono unayo wewe. Biashara yataka vyote."

Basi siku ile nikamwona Brenda anakuja na wasichana wengine wawili wa darasa letu. Hao shuleni twazungumza nao Kiingereza tu, na sikuwahi kuwaambia Jumamosi nashinda wapi. Sikufikiri. Nilivua aproni, nikapita chini ya meza, nikatokea upande wa nje, nikasimama nao kana kwamba nami nimefika sasa hivi. Brenda akaniuliza, "Huyu mathe unamjua?" Nikasema simjui.

Ulikuwa hatua moja kutoka kwangu. Kisha nikazidisha. Nikakuamkia: "Shikamoo, mama." Kila asubuhi nilikuwa nikikupa shikamoo, lakini ilikuwa na "Shangazi" ndani yake, na busu la mkono. "Mama" huitwa yeyote mwenye meza.

Ulinitazama kidogo tu. "Marahaba, binti. Karibuni. Na wewe mwenye buibui, wala pilipili?"

Wewe uliyenilea! Pilipili hainipiti kooni na unajua. Nikajibu nala. Ukanitilia kwenye embe, tena si haba. Nilikula machozi yananitoka, wenzangu wanacheka, nawe ukawaambia, "Mwacheni, huyu mgeni wa pwani." Mpaka leo sijui kama ulikuwa ukinitania au ukiniadhibu. Nadhani yote mawili.

Kwenye feri hukunigombeza. Ulisema tu, "Leo nimepata mteja mpya. Ana haya, lakini hakuomba nyongeza." Tulipofika nyumbani Mtongwe, Mama akauliza mbona macho mekundu, ukamjibu upesi, "Jua limempiga, ameshikwa na kizunguzungu. Tumpumzishe, asije tena mpaka joto lipungue." Ulikuwa unanifungulia mlango, Shangazi. Nami nikatoka.

Jumamosi tatu ulikwenda peke yako. Ya tatu ilikuwa Mjambere, na huko ndiko ulikoanguka kando ya meza. Daktari alisema ni presha, ya siku nyingi. Matangani kila aliyeingia aliuliza, "Alikuwa na nani?" Na Mama kila mara, "Peke yake. Mwanangu Hawa jua halimpendi." Wakanitazama kwa huruma. Huruma ile haikuwa yangu.

Sasa habari za huku. Paka wako amehamia kwa jirani, huko anapewa samaki. Mimi ndiye mgonjwa wa nyumba. Mama amemwandikia mwalimu nisikimbie uwanjani, na hata dukani sitoki bila mwavuli. Meza yako ameichukua yeye tangu mwezi uliopita. Kwa achari ya embe anakushinda, usinune, lakini uwanja haujui. Wewe ulikuwa ukiiweka meza juani asubuhi, na wa meza za jirani wakikucheka, "Bi Mishi, wakaanga mayai?" Ukiwajibu, "Kivuli cha asubuhi hakina ahadi." Ikifika adhuhuri jua lishahamia kwao, na ukuta ulio nyuma yako wakukinga wewe.

Mama Jumamosi iliyopita alikimbilia kivuli cha asubuhi. Alirudi midomo imekauka, akashika ukuta ndipo akaweza kuvua viatu. Nilimletea maji. Nikamweleza habari ya kivuli, akasema, "Haya, daktari wangu," akalala. Hata akikumbuka, kivuli hakimwinui mtu akianguka. Anataka mtu wa pili. Mtu wa pili ni mimi, na mimi eti jua halinipendi.

Kesho tamasha linarudi Jomvu Kuu. Maembe yapo jikoni tayari. Nikimwambia nimepona, ataniwekea mkono kwenye paji la uso aseme bado. Hakuna njia ila kusema sikuugua, na nikisema sikuugua itabidi niseme nilikukana mbele ya watu. Wewe ulikuwa wifi yake, lakini wallahi alikulilia kama mliolala tumbo moja. Huenda akanichukia. Na anichukie. Afadhali anichukie nikiwa naye pale uwanjani kuliko anipende akiwa peke yake.

Kusema siwezi, ulimi wangu waujua. Kuandika naweza. Nimeanza barua hii mara nne wiki hii.

Lala salama, Shangazi Mishi. Mola akupe kivuli kisichohama. Nakuahidi kesho nitakaa upande wa ndani wa meza, hata lije darasa zima, na atakayeniuliza huyu ni nani nitamwambia ni mama yangu, na kabla yake alikuwapo shangazi yangu.

Nasikia ndara za Mama ukumbini, anakuja huku. Siku zote nikizisikia huitia karatasi chini ya kitabu cha hesabu. Amefika mlangoni. Naiacha mezani. Naigeuza, ili maandishi yamwelekee yeye.