Jiwe la Mackrine

Koku, Mackrine wa chumbani kwangu hapa chuoni ameondoka sasa hivi na bado siamini kilichotokea.

Leo kwenye maabara ya jiolojia kila mtu alileta jiwe la kwao. Yeye akaleta la kule Kyerwa, kwenye shimo ambamo baba yake, mzee Kahigi, anachimba madini ya bati.

Mwalimu Nolasco akaligusa kwa ukucha tu. Likabanduka matabaka kama kitunguu.

Akamuuliza, “Hili lilitoka wapi shimoni?”

“Juu, mwalimu. Baba alilibandua kwenye dari ya shimo kwa mkono.”

Kwa mkono, Koku. Mwalimu akavua miwani, akasema taratibu, “Mpigie baba yako atoke, dari hiyo itamwangukia. Sasa hivi.”

Simu ya baba haikupatikana. Mama akapokea yake. “Baba yako yuko chini tangu asubuhi. Mvua ya jana imelainisha udongo, anasema leo anachimba bila shida.”

Mwalimu ndiye aliyechukua simu akamweleza mama.

Tulisubiri dakika arobaini, hakuna aliyegusa jiwe lingine. Mama akapiga. Mzee ametoka, amekasirika, anauliza tangu lini mtoto anamfundisha kazi. Halafu mama akashusha sauti: alipokuwa anamwita alisikia mchanga ukidondoka ndani. Na mzee anasema kesho anarudi.

Mackrine yuko kwenye basi. Ameniambia atakaa mdomoni mwa shimo, na baba yake akitaka kuingia itabidi amkanyage kwanza.